Kuku wa Madam na Kibuyu cha Pasta

Mimi sikuitwa na Mungu, niseme mapema. Wenzangu wote katika lile shirika walikuwa na ushuhuda wa jinsi walivyoitwa, huyu kwa ndoto, yule kwa mstari wa Biblia uliomrukia machoni asubuhi. Mimi niliitwa na dada yangu. Alisikia kanisani pale Kitale kwamba kuna shirika la Kikristo linatafuta mtu wa kupiga taipu na kuchemsha chai, akaona nimekaa kwake vya kutosha. "Enda," akaniambia. "Hata kama wewe huombi sana, wao wataomba."

Na kweli waliomba. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya kisiagi cha mahindi, na unga ulipenya kila mahali, kwenye taipu, kwenye sukari, kwenye nywele. Mgeni akiingia alidhani sote tumeota mvi. Katikati ya kelele za kisiagi hicho viongozi wetu wawili walisimama kila asubuhi kuomba, na kila asubuhi waligombana kwa sababu ya maombi hayo hayo.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa upande wa Kamukuywa. Bungoma nzima ilimwita Madam, hata watu wenye wajukuu, maana wengi wao aliwahi kuwachapa. Wa pili alikuwa mchungaji kutoka Cheptais, kule mlimani, mrefu, mpole, sauti yake ya chini mpaka umsogelee. Huyo tulimwita Pasta. Madam aliomba kama mtu anayetoa matangazo ya gwaride: Bwana tunashukuru, tunaomba hiki na hiki, amina. Pasta alianza na uumbaji. Akifika kwa Nuhu, Madam anakohoa. Akifika kwa Musa, Madam anatingisha funguo za gari.

"Pasta, Mungu alikuwako. Anakumbuka," Madam alimwambia siku moja.

"Yeye anakumbuka, Madam. Ni sisi tunasahau," Pasta akajibu, akaendelea kutoka pale pale alipokuwa ameachia.

Hao ndio walioongoza shirika letu. Ukiwatazama ungesema wiki haitaisha kabla mmoja hajamtupia mwenzake kikombe. Lakini walikuwa wamekutana kwa kugombana, kwa hiyo nadhani walizoea. Ilikuwa ile miaka mlima ulipochafuka kwa ajili ya mashamba, watu wa juu na watu wa chini wakawa hawatazamani usoni, na wengi wakakimbia na watoto na sufuria, wakalala makanisani, Kitale huku, Bungoma kule. Kanisa moja likapata marobota ya blanketi. Madam akaja kuwachukulia watu wake wa chini, Pasta akaja kuwachukulia watu wake wa juu. Wakashika robota moja, huyu upande huu na huyu upande ule, wakavutana mbele ya kwaya nzima.

"Wako wana watoto wadogo?" Madam akauliza, hajaachilia.

"Wengi."

"Hata wangu."

Ati wakaangaliana, wakaona aibu, wakaketi juu ya lile robota kupanga jinsi ya kugawa. Hawakuachana tena. Na kutoka siku hiyo wakaweka sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote katika shirika: hakuna kiongozi anayepeleka msaada kwa watu wake. Watu wa chini wataletewa na Pasta, watu wa juu wataletewa na Madam.

"Mtu akiletewa blanketi na wa kwao, atasema hiyo ni haki yake," Pasta alinieleza. "Akiletewa na yule anaogopa, lazima afikirie kidogo."

Mimi nilikwenda pande zote mbili, maana mama yangu ni wa chini na baba yangu ni wa juu, na mdomo wangu haujawahi kuogopa upande wowote. Tulisafiri na Landrova kuukuu. Pasta aliendesha, Madam alikaa kando yake akikanyaga breki ambayo haikuwepo, mimi nyuma na magunia.

Sasa, mnawajua watu wetu wa chini, Wabukusu. Mgeni ambaye hajachinjiwa kuku hajafika. Hata nyumba iliyobakiwa na kuku mmoja, huyo mmoja atakimbizwa ua mzima mpaka ashikwe. Kwa hiyo kila mahali Pasta alipopeleka unga na blanketi, kuku alimsubiri, na juu ya sahani yake ikawekwa firigisi, ile sehemu ya heshima ambayo wanaume wa kwetu wanaweza kununiana miaka kwa ajili yake. Pasta alikula polepole, macho amefunga. Akimaliza aliinamisha kichwa na kukaa hivyo kwa muda, midomo ikicheza. Wenye nyumba walifurahi sana.

"Huyu mtumishi anajua kushukuru," walisema.

Madam alifurahi kuwapita. Akaanza kutuma habari mbele yetu: Pasta anakuja, na Pasta anapenda kuku. Basi! Kukawa hakuna nyumba kutoka Kamukuywa hadi Bungoma mjini ambayo haikujua. Kuna siku tulikula kuku asubuhi, tukala kuku mchana, na jioni tukiondoka tukafungiwa kuku ndani ya gazeti. Mimi nilinenepa. Pasta, nashangaa sasa kwamba sikushtuka, alizidi kukonda.

Na huko juu kulikuwa na mursik. Haya ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalumu, yakachachuka na kunukia moshi. Mtu wa mlima akikupa hayo amekupa roho yake. Madam alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakimeza chote kwa mara moja bila kupumua, akakiweka chini. "Asante sana," alisema, macho yamemtoka.

"Madam anaweza!" wenyeji walipiga makofi, wakamjazia kingine.

Pasta aliona hayo akajawa na furaha. Mama yake alikuwa bado hai, anaishi kule juu ya Cheptais, na Pasta akamweleza kwamba kuna mama wa chini anayekunywa mursik kuliko hata binti zao. Kutoka siku hiyo kila gari likishuka lilibeba kibuyu cha Madam. Kilikaa dirishani pale ofisini na baada ya siku chache kilikuwa kitupu, kimeoshwa, tayari kurudi. Madam naye tukiteremka kutoka mlimani alitafuna tangawizi njia nzima, akisema ni hizo kona.

Shida yetu kubwa ilikuwa vitunguu.

Mama yake Pasta na wanawake wengine wa juu walikuwa wakulima wa vitunguu, na miaka yote walivishusha Chwele siku ya soko. Chumvi, mafuta ya taa, viatu vya shule, vyote vilitoka kwenye hivyo vitunguu. Tangu mlima uchafuke hakuna mwanamke wa juu aliyethubutu kukanyaga Chwele. Vitunguu vilioza ghalani. Yule mama alimwambia mwanawe maneno ambayo Pasta aliyarudia ofisini na hakula chakula cha mchana siku hiyo: "Blanketi mmetupatia, Mungu awabariki. Lakini mimi si mgonjwa. Nifungulie soko."

Wa kulifungua alikuwa mzee mmoja tu. Alikuwa ndiye mkubwa wa wazee wa soko pale Chwele, na wengine hawangefanya lolote kabla yake. Boma lake lilikuwa kwenye miteremko, na lilichomwa. Ng'ombe wakaenda. Yeye akashukia kwa ndugu yake, nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la misumari, akakaa hapo na koti moja. Aliwaambia wenzake, "Siku mtaniona nimekula na mtu wa mlima, siku hiyo wateremke."

Sote tulijua maana yake. Kwetu huli na mtu ambaye una neno naye. Na ukishakula naye, neno limekwisha, huwezi kulifufua tena hata ukilewa. Kwa hiyo soko la Chwele, na vitunguu vyote vya mlima, vilikuwa vimening'inia kwenye mdomo wa mzee mmoja.

Tulimwendea mara nyingi. Alitupokea nje, akatusikiliza mpaka mwisho, akatuaga. Hata maji hakutupa.

"Mbukusu mzima!" Madam alifoka garini. "Mgeni anatoka kwako koo imekauka! Mimi ningekuwa mama yake ningemchapa!"

"Ana haki," Pasta akasema.

Safari moja yule mzee alimwambia Pasta kwa upole kabisa, "Wewe sina ubaya na wewe, mtumishi. Lakini nikikuangalia naona moshi." Siku hiyo tulirudi Kitale, na Madam hakukanyaga breki yake hata kwenye kona ya mto.

Madam hakuwa mtu wa kukaa na huzuni. Alikuja na mpango: chakula kikubwa kwenye uwanja wa kanisa pale Chwele, watu wa juu na wa chini, na mzee aalikwe aje aone kwa macho yake. Asile kama hataki, lakini aone jinsi mtu wa mlima anavyoheshimiwa mezani kwetu. "Akiona Pasta anakula kuku wetu, roho yake italainika," alisema. "Wewe, mdomo, sahani ya Pasta utapakua mwenyewe. Paja, kidari, na firigisi juu, ionekane mpaka getini."

Siku ikafika. Kuku waliochinjwa hapo, wacha tu. Pasta alishuka na lori la wanawake wa mlima, wameketi wima, vitambaa vipya kichwani, hawaongei. Watu wa chini walisimama upande wao, hawaongei. Mzee alikuja kweli, tena alikuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, akakiweka karibu na geti, akakalia. Hakutaka kudaiwa hata mahali pa kukaa.

Nilipakua ile sahani. Nikaipitisha katikati ya uwanja kama bibi harusi, firigisi juu, nikamwekea Pasta mapajani. Akafunga macho. Akachukua firigisi.

Wakati huo huo mama yake alikuwa akizunguka kumtafuta Madam, kibuyu amekikumbatia ndani ya kanga. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Hajawahi kumwona mwanawe akila kwa watu wa chini. Akageuka, akamwona.

"Nani amepatia huyu hiyo kitu?" akapiga kelele. "Wewe, tema! Tema!"

Jamani. Nyakati zile, mtu wa mlima akipiga kelele juu ya chakula cha watu wa chini, mnajua kila mtu aliwaza nini: sumu. Sahani zilishuka chini zote kwa pamoja. Wanaume wa pande zote mbili wakasimama. Mimi, mwenye kupakua, nikajiona tayari mahakamani. Nilimwona mzee pale getini akiinuka kwenye kiti chake.

"Huyu hali kuku!" yule mama akaendelea, akimnyooshea mwanawe kidole. "Tangu mdogo! Baba yake hakula ndege, babu yake hakula ndege, na huyu ndio kabisa. Akila anatapika! Alitapikia viatu ya baba ya bibi yake, siku ya kupeleka posa!"

Pasta alikuwa na firigisi shavuni. Madam akaja taratibu na mwiko mkononi.

"Pasta. Ni kweli?"

"Madam..."

"Ni kweli ama si kweli?" Hiyo ilikuwa sauti ya gwaride, na nusu ya wazee wa Chwele walinyoosha migongo bila kujua.

Pasta akameza. "Ni kweli."

"Na wale wote wa Kamukuywa? Na wale wa Bungoma? Si ulikuwa unafunga macho unashukuru Mungu?"

"Nilikuwa naomba, Madam."

"Unaomba nini?"

"Hao kuku wakae huko chini," Pasta akasema.

Mtu mmoja nyuma alianza kukohoa. Yule mama naye akatikisa kichwa kwa huruma, akamgeukia Madam na kumnyooshea kibuyu. "Pole, mama. Huyu ni mjinga wangu. Afadhali wewe, kile unapewa unapenda."

Nilimwona Madam akikitazama kile kibuyu. Mwanamke aliyefundisha vizazi kwamba uongo ni dhambi, na hapo amesimama na mwiko wake. Angeweza kukipokea tu, akasema asante. Hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa amemwuliza mwenzake mbele ya watu, na Madam ni mtu wa haki.

"Mama yangu, nisamehe," akasema. "Mimi hiyo kitu siwezi. Ule moshi unanishika hapa. Nimekunywa kwa heshima yako."

"Na zile zote nimetuma?"

Madam akanitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui, mimi sikuwa nimeambiwa chochote. Lakini hapo hapo niliona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote: paka wa kisiagi, mnono kuliko paka yeyote Kitale, ambaye sote tulisema ni panya wanaomnenepesha. Na mdomo wangu, kama kawaida, haukunisubiri.

"Paka!" nikasema kwa sauti. "Amekunywa paka!"

Aliyeanza kucheka alikuwa mzee wa getini. Ilianza kama gari lililolala nje wiki nzima, linakoroma, linazimika, halafu likashika. Alicheka mpaka akakishikilia kiti. Wanawake wa mlima wakacheka, yule mama mwenyewe akaketi chini kwenye majani na kibuyu chake, anacheka na kulaani paka kwa Kisabaot, lugha yao ya mlimani. Watu wa chini walikuwa wakipigana migongo. Wengine walicheka na mtu wa upande mwingine kabla hawajakumbuka kwamba hawaongei.

"Ati hata kwa dada yangu pale Kamukuywa ulikula?" mzee akamwuliza Pasta kutoka kule mbali, akipangusa machozi.

"Huko walinipatia wawili, Mzee."

Mzee akacheka tena. Halafu akabeba kiti chake, akaenda zake. Hakuwa amekula hata punje.

Lori likapandisha wanawake. Vitunguu vilikuwa bado huko juu vinaoza. Njia yote ya Kitale nilisikiliza ugomvi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuusikia.

"Siku zote unanidanganya!"

"Na wewe, Madam?"

"Mimi nilikuwa naheshimu watu wako!"

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

Tukapita mashamba ya mahindi.

"Pole kwa kuku," Madam akasema, sauti imemshuka.

"Pole kwa maziwa."

Halafu Madam akalia. Sijawahi kumwona akilia na sikujua nifanye nini na mikono yangu. "Tumechekesha watu," akasema, "na mzee ameenda na kiti chake. Mama yako atakufa na vitunguu ndani ya nyumba." Pasta alisimamisha gari kando ya barabara, akampa leso yake. Hakusema neno la Biblia hata moja.

Baada ya siku kadhaa simu ya ofisi ikalia. Sauti ya mzee, haina hata salamu ndefu. "Ambia Pasta akuje siku ya soko. Na yule Madam. Na wewe wa paka."

Mnadhani tulifurahi? Tuliogopa kuliko mwanzo. Tulijua anaweza kuwa ametuitia chakula, na chakula cha mgeni kwa mzee kama yule ni kuku, hakuna kingine. Pasta akikataa, amekataa kula naye, na mambo yamekwisha. Akila akatapika mezani kwa mzee aliyechomewa boma, ndio kabisa.

"Nitakula," Pasta alisema garini.

"Utatapika," Madam akasema.

"Nitaomba."

"Basi leo anza mapema. Anza na uumbaji. Mimi sitakohoa."

Nyumba ya ndugu yake mzee ilitazama njia ya kwenda sokoni, na siku ya soko njia hiyo hujaa watu wenye mbuzi, magunia, mikungu ya ndizi. Tulikuta mzee amevaa koti lake, limepigwa pasi. Meza hakuiweka ndani sebuleni. Aliiweka mlangoni kabisa, mlango wazi, kila mpita njia anaona. Nikasema moyoni, huyu mzee ametuita kutuaibisha.

Tulinawa. Shemeji yake akaleta ugali unaotoa mvuke, akaleta bakuli lililofunikwa. Aliliweka, akaficha uso kwa leso, akakimbilia jikoni kama aliyeiba. Mzee akafunua mwenyewe.

Ilikuwa saga.

Saga ni mboga, majani machungu kidogo yanayolazwa na maziwa mpaka yalainike. Inaota mlimani na inaota chini. Pasta amekulia hiyo, Madam amekulia hiyo, mimi nimekulia hiyo kwa baba na kwa mama. Hakuna asiyeila. Lakini kumwandalia mgeni! Mzee wa heshima, mkubwa wa soko, kumpa mgeni majani, ni jambo ambalo litaimbwa kwenye pombe mpaka wajukuu wake walisikie. Pasta alilitazama lile bakuli, akamtazama mzee.

Hapo mfanyabiashara mmoja wa kuku akapita, tenga kichwani, akachungulia mezani kwa macho ya umbea. "Mzee! Wageni wote hao na unawapatia majani? Si uniitie? Kuku wameisha huku?"

"Wako," mzee akamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Wanatembea."

Akamgeukia Pasta. "Omba."

Madam akajiweka sawa kitini kwa safari ya kutoka bustani ya Edeni. Pasta akafunga macho. "Bwana, asante," akasema. "Amina." Mimi sijawahi kumsikia akiomba hivyo, wala baadaye sikumsikia tena.

Mzee akamega ugali, akachovya, akala. Akalisukuma bakuli katikati. Pasta akamega, akachovya pale pale alipochovya mzee, akala. Macho wazi.

"Kumbe unaweza kula ukiwa umeamka," mzee akasema.

Mimi nililia, sioni aibu. Nilikula ugali wenye chumvi ya machozi, na Madam kando yangu alikuwa akivuta kamasi kama mtoto wa nasari. Wapita njia walisimama, wakaona, wakaenda na habari. Kabla hatujamaliza bakuli soko zima lilijua kwamba mzee amekula na mtu wa mlima, tena amekula saga. Tuliponawa mikono nilimsikia akimwambia Pasta polepole, "Moshi bado naona. Kidogo." Pasta akamshika mkono uliokuwa bado na maji, akaushikilia.

Siku ya soko iliyofuata lori lilishuka na magunia, na juu ya magunia akiwa ameketi mama yake Pasta kama gavana. Alitandaza vitunguu vyake pale pale alipokuwa akivitandaza zamani, karibu na wauza viazi vitamu. Watu walipita, wakatazama, hakuna aliyesimama. Mimi na Madam tulikuwa kando tumeshikana mikono kama wasichana. Pasta alijificha nyuma ya lori, naamini alikuwa kwa Nuhu.

Mzee akaja na koti lake. Akainama, akachagua kitunguu kimoja, akakipima mkononi, akakinusa, akauliza bei. Yule mama akamtajia. Mzee akapiga kelele, soko lote ligeuke.

"Hiyo ni bei ama ni wizi? Kwa kitunguu! Hii kitunguu ilisoma chuo?"

Yule mama akamtazama kutoka juu mpaka chini, akachukua kitunguu chake mkononi mwa mzee, akakirudisha kwenye rundo.

"Kama ni ghali, mzee," akamwambia, "enda ukule kuku."